Nuru na Mwelekeo Wake

Jicho ni hakimu mwema, lakini si hakimu wa kila shauri. Hutuambia kuwa nuru ni kali au hafifu, nyekundu au samawati. Hapo hukumu yake hukoma. Nuru ina sifa nyingine, nayo ni mwelekeo wa mtikisiko wake.

Funga kamba mtini, uitikise juu na chini: wimbi litasimama wima. Uitikise kando kwa kando: wimbi litalala. Nuru ya jua hutikisika pande zote bila mpango. Lakini ikigonga kioo na kurudi, upande mmoja huushinda mwingine. Mwaka 1808 Étienne-Louis Malus, Mfaransa, alitazama kupitia jiwe angavu la kalisaiti nuru iliyorudishwa na madirisha ya Jumba la Luxembourg mjini Paris. Kila alipolizungusha jiwe, ukali wa taswira zake mbili ulibadilika. Nyuki hahitaji jiwe: mwaka 1949 Karl von Frisch alionyesha kuwa mdudu huyo huusoma mtikisiko wa nuru ya anga, akajua njia yake.

Nasi tumejitengenezea macho ya namna hiyo. Kipande cha silikoni hugeuza nuru kuwa umeme, lakini nuru ikikishukia wima, hupima wingi tu; mwelekeo hakiuulizi. Kwa hiyo wataalamu huchora juu yake vistari vya dhahabu, vyembamba kuliko wimbi la nuru, ambalo kwa rangi ya kijani lina urefu wa milimita 0.0005 hivi. Elektroni za dhahabu huyumba pamoja kama maji ndani ya mtumbwi. Myumbo huo huitwa plasmoni. Nuru itikisikayo upande ufaao huuamsha, na umeme hubadilika. Nyingine hupita bila kuuamsha. Vistari vikielekezwa pande mbalimbali, husomeka hata mwali ambao mitikisiko yake imetawanyika kutoka katikati kama spoki za baiskeli.

Mimi ni mwalimu, na daftari langu la alama ni silikoni tupu: hupima wingi. Wanafunzi wawili wana alama 40. Mmoja ametoka 60, mwingine ametoka 15. Daftari huwaita sawa. Kikao kikitaka wote wawili warudie darasa, ni wajibu wangu kusimama na kuuliza: wanaelekea wapi?

Nawe msomaji, usilikane jambo kwa kuwa kipimo chako hakilioni. Tafuta kipimo kingine.