Pinki ya Nangara Iliyowagombanisha Mke na Mume

Ukitoka Arusha kwa basi, kilomita kama 170 hivi, Mlima Kwaraa unakukaribisha Babati. Tangu mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002 na Babati kuwa makao makuu yake, nyumba mpya hazina idadi. Wageni wengi huishia ziwani kutazama viboko. Mimi nilipitiliza hadi Nangara kwa shoga yangu, nikakuta ndani hakukaliki.

Kisa? Rangi ya sebule. Mke anataka pinki iliyopauka, mume anataka nyeupe.

“Shemeji, hebu mwambie mwenzio. Hii nyumba au saluni?” Hata chai sijamaliza!

Siyo siri, pinki haikuwa tatizo. Wamejenga miaka sita kwa kudunduliza, na pesa ya vikoba ya shoga yangu ndiyo iliyopandisha bati. Leo hana kauli kwenye ukuta? Wiki ya pili hiyo alikuwa analala chumba cha watoto.

Nikamwambia shemeji kuwa Marekani, mwaka 1918, jarida la wauza nguo za watoto liliandika kwamba pinki ni ya wavulana na bluu ya wasichana. Akacheka, akabaki palepale. Wanaume bwana!

Aliyetuokoa ni fundi. Alipaka vipande viwili karibu na mlango, kimoja cheupe, kingine pinki, upana wa mita moja kila kimoja, akasema tuviache wiki nzima. Kilikuwa kiangazi, na vumbi jekundu la huku halibishi hodi. Kufikia Jumamosi kile cheupe kilikuwa na ramani ya vidole vya watoto. Kwenye pinki, vumbi lilikuwa limejificha kama liko kwao. Shemeji akapitisha kidole, akanyamaza.

Nawe ukiitaka, usikurupuke. Chagua iliyofifia kuliko ile unayoipenda kwenye kadi ya dukani, maana kuta nne zikitazamana rangi hukolea. Mwambie fundi atie tone la kahawia au njano kwenye rangi ya maji, la sivyo utaishi ndani ya bazoka. Itazame asubuhi, kisha usiku taa ikiwaka: tyubu nyeupe huipoza ikaonekana kama kijivu, taa ya mwanga wa njano huipa joto. Dari liache jeupe. Chini, kimo cha mita moja, piga rangi ya mafuta ya kahawia. Hiyo unafuta kwa kitambaa tu.

Jioni ile bodaboda ilisimama mlangoni na ndoo ya lita 20, shemeji kaikumbatia kwa nyuma.

“Ila chumbani nachagua mimi, mama Junior.”

Shoga yangu alikuwa anatoa shuka zake chumba cha watoto.

“Chagua, baba Junior. Lakini uniulize.”