Lisbon kwa baiskeli ya umeme, na dhahabu ya Kilwa

Wadau, mkisikia Lisbon ni mji wa vilima saba msidhani ni maneno ya vitabu vya watalii. Vilima vipo, na ukivihesabu kwa magoti yako vinazidi saba. Sisi wa Dar es Salaam, ambao mlima wetu mkubwa ni flaiova ya TAZARA, tunapata tabu kuuelewa mji ambao mtaa unageuka ngazi bila kukupa taarifa.

Nilikuwa huko Mei 2023, siku tano za likizo. Siku ya kwanza nilitembea kwa miguu, jioni nikaishia kuloweka miguu kwenye maji ya moto na chumvi. Siku ya pili nikakodi baiskeli ya umeme.

Kabla hamjanicheka: hii si pikipiki. Lazima ukanyage pedali. Ukiacha kukanyaga, na mota inaacha. Kwa sheria za Ulaya mota haitakiwi kuzidi wati 250, na ikifika kilomita 25 kwa saa inakuachia uhangaike mwenyewe. Kwenye tambarare hata huioni kazi yake. Lakini ukikutana na mlima unahisi kama kuna mtu mwenye huruma anakusukuma mgongoni. Tatizo ni uzito wake. Betri ikiisha mlimani, utatamani ile Phoenix ya babu.

Nilianzia Baixa, mji wa chini, mahali penye mitaa iliyonyooka. Inyooke kwa nini? Kwa sababu tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko la ardhi, mawimbi ya bahari na moto viliufagia mji, ukajengwa upya kwa rula. Kutoka hapo nikapanda hadi Graça. Nimepita watu wamesimama wameshika viuno, nami napanda nimekaa wima kama balozi. Juu kule unaona mapaa mekundu yote na mto Tejo, mpana utadhani bahari.

Kupanda ni raha. Kushuka ndiko kwenye kazi. Nilishuka kupitia Alfama, mtaa wa zamani ambao jina lake ni la Kiarabu, al-hamma, maji ya moto, ukoo mmoja na hamamu yetu. Waislamu waliutawala mji huu hadi mwaka 1147. Vichochoro vyake ni vya Mji Mkongwe kabisa, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu. Barabara ni za mawe, meno yanagongana. Halafu kuna reli za tramu, ile maarufu namba 28. Gurudumu likiingia kwenye mfereji wa reli, umekwenda chini. Dawa ni kuikata reli kwa pembe, usiende nayo sambamba. Mimi penye reli na mteremko nilishuka nikakokota, sikutaka kurudi nyumbani na plasta.

Kuna na vile vigari vya kuvutwa kwa kamba ya chuma, vilivyoanza kupanda milima karne ya 19. Nilikipiga picha cha Glória, kilichoanza mwaka 1885. Tarehe 3 Septemba 2025 kiliacha njia na watu 16 wakafa. Picha ile siku hizi nikiiona naipita haraka.

Basi nikashika njia ya baiskeli kando ya mto kuelekea magharibi. Hapo ni tambarare, upepo mwanana, wavuvi na ndoano zao. Unapita chini ya daraja jekundu la 25 de Abril, magari juu yanavuma kama nyuki. Lilipofunguliwa mwaka 1966 lilikuwa na jina la dikteta Salazar. Jina likabadilishwa baada ya mapinduzi ya 1974, yaliyofanywa na wanajeshi waliochoshwa na vita vya Afrika, ikiwemo Msumbiji. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, kwa hiyo jina la daraja lile lina jasho letu kidogo.

Lakini kilichonipeleka upande ule si daraja. Kabla ya kulifikia, juu ya mto, kuna makumbusho ya taifa ya sanaa za kale. Ndani yake kuna kifaa cha dhahabu cha kanisani, cha kuwekea hostia takatifu, kirefu kama mkono wa mtu mzima. Mitume 12 wadogo wamepiga magoti ndani yake, wamepakwa rangi kana kwamba wanapumua. Alikiagiza Mfalme Manuel wa Kwanza, kikakamilika mwaka 1506, na anayetajwa kuwa fundi wake ni Gil Vicente. Kwenye kitako kuna maandishi yamezunguka. Nilizunguka nayo mara mbili mpaka nikaliona neno: QVILVA.

Kilwa, jamani. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi pwani yetu na meli za mizinga, akamwambia Amiri Ibrahim wa Kilwa achague: kodi ya dhahabu au mji uungue. Amiri akalipa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1505, Wareno wakaja wakaupora mji hata hivyo. Dhahabu ile ya kwanza ndiyo hii iliyo nyuma ya kioo, na wenyewe hawakuficha, wameandika ilikotoka.

Mama yangu ni mtu wa Kilwa Kivinje. Nikatoka nje kwenye bustani nikampigia.

"Mama, shikamoo. Nimeiona dhahabu ya Kilwa."

"Marahaba mwanangu. Umeishika?"

"Iko ndani ya kioo, mama."

"Na kuingia umelipa?"

"Nimelipa."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikabaki na hilo swali la kiingilio njia nzima hadi Belém. Ni rahisi kusema irudishwe. Irudi wapi hasa? Dhahabu ilichimbwa bara, kwenye nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, Kilwa ikatajirika kwa kuipitisha. Wachimbaji wana dai lao kabla ya Amiri. Mimi hata hivyo ningetaka mtoto wa shule wa Kilwa aione kwa macho, japo kwa mkopo wa miezi sita, na asilipe senti.

Belém nilimkuta Vasco da Gama mwenyewe, kaburi la mawe kanisani, sanamu yake imelala imekunja mikono kifuani kama mcha Mungu. Watalii wanapigana vikumbo kumpiga picha. Kanisa kwao ni igreja, sisi tukalifanya gereza. Tulichukua na meza, leso, bendera na mvinyo, lakini hilo la gereza ndilo lililonijia pale mbele yake. Sikupiga picha.

Kurudi, upepo ulikuwa mgongoni na betri ilibakiza kijiti kimoja. Nikazima mota, nikakanyaga kwa miguu yangu hadi mlima ulipoanza.