Faida ya Timu Itumiwe Wapi?

Hapa Tabora twaulizana: mwenye timu ya mpira akipata faida, je, yampasa kutafuta wachezaji bora? Wengine wasema ni kupoteza mali, kwani mchezaji huja na kuondoka. Sisi hatukubali.

Mwezi wa Agosti, 2023, Tabora United waliingia uwanjani Chamazi kupambana na Azam, nao ni watu 8 tu. Wengine walipotoka wakabaki chini ya 7, na kwa sheria mchezo ukakoma. Novemba, 2024, papo hapo Chamazi, timu hiyo iliyokwisha kupata watu ikawashinda Yanga 3 kwa 1. Offen Chikola akatia mawili. Furaha yetu haikuwa na kiasi!

Lakini mwaka 2025 Yanga wakamchukua Chikola. Ndivyo zamani pembe zilivyoshuka Bagamoyo mabegani mwa Wanyamwezi, faida ikabaki pwani. Hata hivyo tajiri wa msafara alijua kwamba mpagazi asiyelipwa vyema hutupa mzigo akatoroka.

Basi mchezaji akiuzwa, twaona nusu ya bei imlete mwingine, na nusu iwanunulie mipira watoto wetu, ambao hata leo wanapiga matambara yaliyofungwa kwa kamba.