Banda la Fundi

Wanaume wenye vitambi na mvi za kwanza walikuwa wamekaa jamvini, msibani kwa Fundi, wakibishana kwa sauti ya chini kama Abobo, jitu la kwenye gemu la Double Dragon, alikuwa akiangushwa kwa teke au kwa kiwiko. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, akanisogelea sikioni: "Anko, kwani marehemu alikuwa na PS?" Nikamwambia hapana, alikuwa na kitu duni kuliko PS, na watoto wa mitaa yetu ya Magomeni walikuwa wakikiota usiku. Akacheka, kwa adabu ya msibani. Kwake yeye gemu ni kitu kilichomo ndani ya simu tangu inatoka dukani, kama tochi.

Fundi hakuwa mtu wa gemu kwa asili. Alikuwa fundi redio. Banda lake la mabati liliegemea ubavu wa nyumba ya kupanga, na ndani yake kulikuwa na redio zilizofumuliwa matumbo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Ukiingia, pua ndiyo iliyokupokea kwanza: moshi wa risasi ya kuchomelea waya, vumbi linaloungua juu ya televisheni iliyokuwa ikiwaka tangu saa nne asubuhi, jasho la watoto kumi kwenye benchi la watu watano, na juu ya vyote mihogo ya kukaanga ya mama wa jirani. Mihogo ile ndiyo iliyokuwa adui mkubwa wa Fundi. Aliyekuja na vidole vyenye mafuta alirudishwa nje kwenye ndoo, anawe, ajifute kwenye kaptura, aoneshe viganja pande zote mbili. Ndipo akabidhiwe pedi.

Pedi zenyewe zilikuwa zimekufa na kufufuliwa mara nyingi. Kimpira cha ndani kikichakaa, kitufe hakisikii hata ukibonyeza mpaka kucha igeuke nyeupe. Fundi alifungua skrubu kwa bisibisi iliyochongwa kutokana na spoku ya baiskeli, akakata kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akakibandika chini ya kimpira, akafunga. Kazi yote kimya, penseli sikioni, huku watoto wakimwomba afanye haraka kabla umeme haujakatika. Zamu ililipiwa kwa sarafu ya shilingi 20, ile yenye tembo. Ukifa roho zote, unanyanyuka. Hakuna "Fundi, pedi imenisaliti."

Mashine ilikuwa nakala ya Famicom ya Nintendo, mojawapo ya zile zilizokuwa zikitoka Asia bila idhini ya mtu, na kwenye televisheni iliingia kwa tundu la eriali. Kulikuwa na kaseti iliyojisifu kuwa na gemu 9999, ambazo ukizipitia ni zilezile chache zikirudiwa kwa majina mengine. Lakini Double Dragon ilikuwa na kaseti yake peke yake, na hiyo Fundi aliifunga kwenye kitambaa.

Nimepekua tarehe. Double Dragon ya mashine ya sarafu ilitoka Japani mwaka 1987, kazi ya kampuni ya Technos chini ya Yoshihisa Kishimoto, mtu aliyekuwa mgomvi ujanani na mpenzi wa filamu za Bruce Lee. Ndiyo maana ndugu wawili wa kwenye gemu, Billy na Jimmy, ukoo wao ni Lee. Toleo la Famicom likafuata 1988. Kwetu liliingia baada ya televisheni za Bara kuanza kuonekana majumbani, mwaka gani hasa wazee wa jamvini hawakukubaliana, na wala hakuna kilichoharibika.

Mwanzo wake kila aliyekalia benchi lile anaujua. Msichana amesimama barabarani, wahuni wanatokea, mmoja anampiga ngumi ya tumbo, anambeba begani, wanaondoka. Hakuna maneno. Hatukuwa tunasoma Kiingereza na hatukuhitaji; mikanda ya video ilikwishatufundisha kwamba stelingi sasa anatoka. Na akatoka, mwenye nguo za bluu, akitembea kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa kodi. Wabaya tuliwapa majina wenyewe: mwanamke wa mjeledi alikuwa Mama Kiboko, na Abobo, lile jitu la kipara, jina lake lilitufikia kamili, sijui kwa njia gani.

Kilichofanya gemu lile liwe zuri, nalisema leo kama nilivyolisema nikiwa na miaka kumi, ni kwamba lilikunyima. Mashine ya sarafu ilikupa mapigo yote tangu mwanzo. Kaseti yetu ilikuanzishia kidogo, ngumi na teke, halafu kila pigo lililompata adui likakuongezea pointi, na pointi 1000 zikakupa moyo mmoja chini ya kioo. Mioyo ilifika saba. Kadiri ilivyoongezeka ndivyo mwili wa Billy ulivyojua mambo: kumkamata mtu nywele na kumpiga goti, kumtupa begani, kiwiko cha nyuma, kumkalia kifuani na kumshindilia ngumi. Mwenye akili hakumaliza adui wa kwanza haraka. Alimpiga, akamwacha ainuke, akampiga tena, huku saa ya kioo ikimhesabia na benchi likimzomea kwa kuchelewesha zamu. Nimecheza magemu mengi ya ngumi baadaye, na machache yamenipa hisia ile ya kujua kwamba pigo nililolitumia nimelitafuta mwenyewe.

Basi na ubaya wake tuuseme, maana msibani watu walikuwa wakilisifu kama marehemu mwenyewe alivyosifiwa. Lilikuwa gemu la ndugu wawili ambalo ndugu wawili hawakuweza kucheza pamoja! Kwenye mashine ya sarafu Billy na Jimmy waliingia mtaani bega kwa bega. Kwenye kaseti mlicheza kwa zamu, mmoja akifa mwingine anaanza. Palikuwa na uwanja wa pembeni wa kupigana wawili, lakini humo kila mmoja alipigana na mfano wake mwenyewe, na tuliuchoka mapema. Maadui nao walikuja wawiliwawili, sura moja, wakimetameta kana kwamba wanataka kuzimika. Hapo kuna sababu ya kweli: mashine ile huchora vipande nane tu katika mstari mmoja wa kioo, na mtu mmoja hula vipande kadhaa, hivyo watu wakijipanga sawa, kuna kiungo lazima kisichorwe.

Kuruka kulitaka vitufe viwili vibonyezwe kwa pamoja. Kwa pedi mpya si kitu. Kwa pedi yenye karatasi ya sigara tumboni, Billy alipiga teke la heshima ukingoni mwa shimo, kisha akatumbukia. Na hatua ya mwisho kuna ukuta ambao matofali yake yanachomoza ghafla na kukusukuma. Hakuna mpangilio ambao mimi niliwahi kuuona. Umefika hapo baada ya pango, baada ya kila Abobo, roho zako zinahesabika, na gemu lenyewe halina "endelea": zikiisha unarudi kwenye ile ngumi ya tumbo. Kuna watu leo huita huo ugumu wa kiume. Ni uundaji mbaya, basi.

Ila aliyepita alimkuta mhuni Willy na bunduki yake, na nyuma ya Willy akamkuta Jimmy. Ndugu yake! Yule mwekundu tuliyekuwa tukimwona kwenye lebo ya kaseti ndiye bosi mkuu. Kijana wa kwanza kumfikia kwa Fundi aliacha pedi, akatugeukia, akauliza ampige au asimpige. Jimmy hakumngoja ajibiwe.

Kaseti ya Double Dragon ya pili ilipofika, kisingizio cha mashine kilikufa. Ile ya 1989, mashine ileile, ndugu wawili pamoja kwenye kioo. Ilikuwa bora karibu kila upande: kitufe kimoja kilipiga kushoto na kingine kulia, kwa hiyo ulipiga wa mbele na wa nyuma bila kugeuka, na goti la kuruka lilimrusha mtu hadi ukingo wa kioo. Ilikuwa pia na chaguo la kuruhusu ndugu kuumizana, na urafiki kadhaa wa Magomeni uliishia hapo. Ugumu Fundi aliuacha daima kwenye wepesi kabisa, ambako gemu linakatika baada ya hatua ya tatu. Sisi tulidhani ndiyo mwisho wake. Yeye alihesabu sarafu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Technos ikafilisika 1996. PlayStation ikaingia mitaani, vibanda vikageuka vya mpira na Tekken, watu wakalipia kwa dakika badala ya roho, na Fundi akarudi kwenye redio, kisha simu. Banda lilivunjwa nyumba ilipouzwa. Sasa pana fremu za maduka.

Mwaka 2015 kampuni ya Arc System Works ilinunua haki za gemu hili, na 2017 ikatoa la nne, lenye sura zilezile za zamani. Nililipia kwa furaha, nikaketi usiku mzima. Mioyo saba ya kujifunzia haikuwamo. Mashimo ya kuruka wameyarudisha yote.