Santuri za Kwanza za Mwenda

Watu wengi hupenda kumsikia mwimbaji akiisha kupata sifa, wala hawaulizi aliimbaje kabla jina lake halijavuma. Sisi walimu twaona swali hilo lafaa kuulizwa, nasi tutaeleza kwanza habari za mtu mmoja wa Kongo, ili tufikie jambo linalotuhusu hapa Dumila.

Mtu huyo ni Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika nchi ya Katanga. Bunkeya ulikuwa mji wa Msiri, mtawala wa Wayeke, ambaye asili yake ni huku kwetu, pande za Unyamwezi. Alikwenda Katanga kwa biashara ya shaba na pembe, akatawala huko hata alipouawa mwaka 1891. Kwa hiyo Mwenda si mgeni kabisa kwetu, tena nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili cha Katanga.

Mwaka 1952 Mwenda alikuwa kijana katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi. Alipiga gitaa, lakini sifa zake hazijafika mbali. Ndipo Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akikusanya nyimbo, alipomsikia, akainasa sauti yake. Wimbo mmoja katika hizo waitwa "Masanga". Kidole gumba chashughulika na nyuzi nene, na kidole cha shahada chacheza juu ya nyuzi nyembamba, hata asikiaye mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili.

Santuri za zama zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua kadiri ya dakika tatu tu. Lakini dakika hizo chache zilimpeleka mbali. Mwaka 1959 alikwenda Nairobi, na vijana wengi wakajifunza kwa kumwiga. Mwaka 1969 alipiga gitaa lake Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari huko Zambia. Sauti ya ujana wake ingali yasikika.

Kwa nini haikupotea? Kwa sababu Tracey hakunasa sauti tu. Aliandika jina la mwimbaji, kabila, mahali na ala zilizotumika. Maktaba aliyoianzisha mwaka 1954 ipo hata leo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Sasa tutazame kwetu. Wakaguru wana nyimbo za mavuno, za harusi na za kubembeleza watoto, na wageni waliohamia hapa njia panda ya Kilosa wamekuja na zao. Zamani wengine walizihifadhi katika kanda. Mafuriko ya Januari 2014 yalipoikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, maji yaliingia nyumba nyingi, na maji hayachagui kati ya gunia la mahindi na kanda ya wimbo. Siku hizi vijana hunasa kwa simu, lakini hawaandiki nani aimba. Simu ikiharibika, wimbo nao umekwisha.

Tulimwendea mzee mmoja ajuaye nyimbo nyingi za shambani, tukamwomba tumnase. Akatuuliza, "Walimu, mkiisha kuichukua sauti yangu, itakuwa ya nani?" Swali hilo ni la haki. Wapigaji wengi wa zama za santuri walilipwa mara moja tu, ingawa santuri zao ziliuzwa miaka mingi. Tukamwahidi mzee kwamba jina lake litaandikwa, kwamba wajukuu wake watapewa nakala, na kwamba haitauzwa pasipo ridhaa yake. Alifikiri siku tatu, kisha akakubali nyimbo nne. Ya tano alikataa, akasema ni ya mazishi ya ukoo wake, nasi tuliiacha.

Basi, wasomaji wapendwa, asiyejulikana leo huenda akatafutwa kesho, na hata asipotafutwa, watoto wake watamhitaji. Ombeni ruhusa kwanza. Andikeni jina, kijiji na tarehe. Wekeni nakala mahali pawili, na moja iwe mbali na mto.