Jina lipo, mwenyewe hayupo

Najua nimepotea, wiki kadhaa bila neno. Sijafa, sijadisko, nilikuwa fildi. Leo nimerudi hosteli, bumu halijaingia, tumboni kuna chai na andazi moja, bora nipige stori.

Ofisi niliyopelekwa siitaji. Ina kompyuta kama 60, zote za Windows na zote ziko kwenye domeni moja. Kwa wale wa kozi nyingine: kwenye domeni, anayehakiki jina na paswedi yako ni seva inayoitwa domeni kontrola. Ndiyo mlinzi wa getini. Ofisi yenye akili huweka walau mbili, moja ikizimika nyingine inaendelea.

Tatizo lilikuwa asubuhi. Kuna siku kompyuta inafunguka chap, kuna siku unaingiza paswedi, unaenda kuchota maji ya kunywa, unarudi bado inazunguka. Na ofisini ukiwa mwanafunzi wa fildi, kitu kikiharibika mchawi ameshajulikana. Dada wa mapokezi alinipa laivu: "Wewe dogo, tangu umekuja mtandao umelogwa." Nikacheka, lakini moyo unadunda, maana fomu ya maksi anajaza bosi wa hapo hapo.

Kaka aliyekuwa ananielekeza kazi aliniambia domeni kontrola ziko mbili. Nikamwomba ruhusa niandike skripti ya kuzitafuta zote. Hilo neno ruhusa lisomeni mara mbili. Sheria ya makosa ya mtandao tunayo tangu 2015, na kupekua mtandao wa watu bila idhini si ujanja.

Skripti yenyewe haifiki mistari kumi. Siri ni kuuliza DNS. Tangu Windows 2000, domeni kontrola hujiandikisha yenyewe kwenye DNS, na kompyuta zinapotaka pa kubisha hodi zinaangalia huko. Kwenye PowerShell unatumia Resolve-DnsName, unataka rekodi za aina ya SRV, jina ni _ldap._tcp.dc._msdcs kisha nukta na jina la domeni yenu. Yanarudi majina. Kwangu yakarudi matatu.

Matatu? Nikarudia. Matatu.

Hapo nikakumbuka karatasi yetu ya mahudhurio, lekcha ya saa moja asubuhi. Sahihi 80, vichwa 40. DNS nayo ni karatasi ya mahudhurio: inakwambia nani kaandikwa, haikwambii nani yupo. Nikaongeza mstari, kila jina ligongewe mlango kwa Test-NetConnection kwenye poti 389, ile ya LDAP. Mbili zikaitika. Ya tatu kimya.

Nikamwonyesha Kaka. Akaangalia skrini muda mrefu bila kusema, kisha akanipeleka stoo. Chini ya meza, nyuma ya maboksi ya karatasi, kulikuwa na seva ya zamani imejaa vumbi. "Niliichomoa mimi mwaka jana," akasema taratibu. "Ilikuwa inanuka kuungua."

Kumbe domeni kontrola haichomolewi hivyo. Inatakiwa ishushwe cheo kwanza, ndipo yenyewe inajiondoa kwenye orodha. Ikikatika ghafla inabaki humo kama mfanyakazi hewa. Kompyuta ikiangukia jina lake inagonga, inangoja, haijibiwi, ndipo inahamia kwa nyingine.

Sasa hapa ndipo palinipa shida kuliko skripti. Bosi alitaka jibu siku ile ile. Ningeenda peke yangu ningeng'ara, na lile jina la uchawi lingenitoka. Lakini huyu Kaka ndiye alinipa kiti siku ya kwanza wenzake wakiniangalia tu, na mara mbili alinipa nauli bila kumwomba. Nikamkabidhi ile karatasi ya matokeo. "Kaka, nenda nayo wewe." Akaisoma tena. "Twende wote."

Mbele ya bosi hakuzunguka. "Mzee, kosa ni langu. Aliyeligundua ni huyu dogo." Bosi akatutazama mmoja mmoja, akauliza swali moja tu: "Mnaweza kurekebisha leo?"

Jioni tukabaki. Kwanza netdom query fsmo, kuona kama marehemu alikuwa ameshika lolote kati ya yale majukumu 5 maalumu. Hakuwa nalo. Tukafuta akaunti yake ndani ya Active Directory, na kuanzia Windows Server 2008 ukifuta hapo mabaki mengi yanajisafisha yenyewe. Kisha tukapitia DNS kwa mkono kuondoa yaliyosalia. Ile seva tukaiandika kwa maka pen: USIWASHE, maana ikirudi hewani italeta balaa jipya.

Kesho yake dada wa mapokezi aliingia kabla hajaweka pochi chini. Hakuomba samahani, ila saa nne alininunulia sambusa mbili.

Maksi sijaziona bado. Nilichojifunza ni hiki: skripti ikikuletea orodha, usiishie kwenye orodha, kagonge kila mlango uone nani anaitika.

Na wewe rumeti wangu unayesoma hapa, unayetegemea nikusainie kesho saa moja: safari hii amka mwenyewe. Haya wadau, nawahi foleni ya msosi!