Kuhesabu Kabla ya Kulipa

Wengi wenye magari madogo yavutayo kwa magurudumu manne hulijua giaboksi na huijua difu, lakini ni wachache waijuao transfa, ilhali ndiyo kiungo kinachoyatenga magari hayo na mengineyo. Kazi yake ni kuipokea nguvu itokayo kwenye giaboksi na kuipeleka nyuma peke yake, au nyuma na mbele kwa pamoja, au kuipunguzia mwendo na kuizidishia nguvu pale pahitajipo kupanda au kujinasua. Katika Suzuki Sierra, yaani SJ410 iliyotoka mwaka 1981 na SJ413 iliyofuata mwaka 1984, transfa haikushikana na giaboksi. Imening'inizwa peke yake katikati ya chasi kwa maunti tatu za mpira, ikaunganishwa na giaboksi kwa propela fupi. Kutoka hapo huanza propela mbili nyingine, moja ikielekea mbele na moja nyuma. Ndani ya gari utauona wenzo wake mdogo, kando ya wenzo wa gia.

Tumeona yafaa kuyaandika haya kwa sababu jamaa zetu wengi walioko Nairobi wangali wakiyaendesha magari hayo, na kwa sababu jambo lenyewe limepita nyumbani kwetu. Shangazi yetu, mjane akaaye Kawangware, aliachiwa na marehemu mumewe SJ413. Kwa gari hilo hupeleka mahamri, viazi vya karai na, siku za Ijumaa, masufuria ya biriani kwa wateja wake wa Lavington na Kilimani. Upande huo wa magharibi mwa jiji ni wa matuta na mabonde ya mito. Barabara hushuka kwenye daraja na kupanda tena, na vichochoro vya udongo huwa utelezi mvua za masika zinapoanza. Gari likisimama siku tatu, jikoni kwake pia husimama.

Lilianza kwa mngurumo, kisha wenzo wa transfa ukawa unachomoka. Asubuhi moja alikuwa akiteremka bondeni, wenzo ukarudi kwenye nyutro wenyewe. Injini ikapiga kelele bure na gari likashuka kwa uzito wake. Hapo ndipo penye hatari: transfa ikiwa kwenye nyutro, injini haiwezi tena kulizuia gari mteremkoni, hata uwe katika gia ya kwanza. Kilichosalia ni breki ya mguu peke yake. Alhamdulillahi, ilishika.

Fundi wetu, mtu wa jua kali mwenye karakana kando ya Barabara ya Naivasha, hakukimbilia kuihukumu transfa. Alianza na maunti, akatuonyesha moja iliyopasuka. Mpira ukichanika, transfa yote hutikisika, na huenda wenzo ukachomoka kwa sababu hiyo tu. Akaibadilisha, lakini ugonjwa ukabaki. Alipomwaga oili juu ya kitambaa cheupe, chembe za chuma zikang'aa. Kuifufua transfa ile kungehitaji gia, beringi na sili mpya, na gharama yake ingeipita bei ya nyingine iliyotumika. Shauri likakatwa tutafute nzima. Fedha zilichangwa na jamaa, na sehemu yake ilikuwa karo ya binamu yetu ya muhula uliokuwa ukikaribia. Ilikuwa amana mikononi mwetu, wala hapakuwa na fedha nyingine nyuma yake.

Tukakutana na fundi mjini baada ya sala ya Adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, tukavuka Moi Avenue, Tom Mboya na River Road hadi Kirinyaga Road, mtaa ambao watu bado huuita Grogan, kwa jina la mlowezi Ewart Grogan. Huko vipuri vilivyotumika hupangwa tangu barazani hadi darini. Muuzaji mmoja alitutolea transfa iliyosafishwa ikang'aa. "Hii ni ile ile, wazee wangu," akasema. "Funga uende."

Kwa umbo ilifanana kweli. Lakini fundi aliomba chaki. Alitia alama kwenye flenji ya kuingilia na kwenye flenji ya nyuma, akaweka wenzo katika mwendo wa kawaida, akatwambia tuizungushe ya kuingilia huku yeye akiihesabu ya nyuma. Ilipotimiza mizunguko kumi, sisi tulikuwa karibu na kumi na sita. "Hii ni ya 410," akasema kwa upole.

Siri ni hii. Transfa ya SJ410 hugawa kwa 1.580 katika mwendo wa kawaida na kwa 2.511 katika mwendo mzito. Ya SJ413 hugawa kwa 1.409 na 2.268. Basi kwa mizunguko kumi ya nyuma, ya 413 hudai kumi na minne na kidogo, na ya 410 hukaribia kumi na sita. Katika mwendo mzito, moja haifiki ishirini na mitatu na nyingine hupita ishirini na mitano. Wapo wapendao kuitia ya 410 katika 413 kwa makusudi, kwa kuwa huongeza nguvu kwenye matope na magurudumu makubwa. Lakini kwa mama auzaye chakula mjini, pale injini ilipokuwa ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, sasa ingezunguka mara 2,800 kwa mwendo ule ule. Tofauti hiyo angeilipa kwa petroli kila siku, wala asijue ilikotoka.

Muuzaji alitazama chaki, akatutazama sisi, akaingia ndani bila neno. Aliporudi alikuwa na transfa nyingine, chafu, yenye kutu ya juu juu. Tukaihesabu: kumi na minne. Fundi akazitikisa flenji kutafuta ulegevu, akapitisha wenzo katika kila nafasi, akachovya kidole kwenye oili iliyobaki ndani. Tulikubaliana bei, na kabla ya kutoa fedha tukataka stakabadhi yenye jina la muuzaji na nambari ya kitambulisho chake, maana kipuri kisicho na mwenye kukitolea ushahidi chaweza kuwa cha wizi.

Kuifunga kulichukua muda wa Alasiri hadi karibu na Magharibi. Yeyote atakayejaribu na azingatie jambo moja mbele ya yote: azibe magurudumu kwa mawe au magogo, mbele na nyuma. Propela zikishafunguliwa, kuliacha gari ndani ya gia hakulizuii tena. Tena katika baadhi ya SJ410 za zamani, breki ya mkono hushika mgongoni mwa transfa, si magurudumuni. Ukiifungua propela ya nyuma, breki hiyo nayo imekwenda. Kisha zitiwe alama flenji zote kabla ya kufunguliwa ili kila propela irudi ilivyokuwa, utolewe waya wa spidomita, na wawepo watu wawili wa kuipokea transfa inaposhuka. Sili zibadilishwe ikiwa ingali chini, kwani kuzibadilisha baadaye ni kuirudia kazi upya. Oili yake ni ya gia, 80W-90, na haifiki lita moja.

Shangazi aliliendesha mwenyewe kesho yake, kwanza tambarare, kisha akateremka bonde lile lile akiwa katika gia ya pili. Wenzo haukutoka mahali pake, na injini ikalishika gari hadi darajani. Karo ililipwa wiki tatu baada ya muhula kufunguliwa, kutokana na mahamri. Baada ya siku kumi fundi aliingia tena chini ya gari, akakaza nati za maunti na za flenji, akapima oili. Hakudai malipo kwa hilo, bali alipewa sahani ya biriani. Wenye Sierra nao wasiiruke hatua hiyo: nati za maunti mpya hulegea katika siku za mwanzo, na kuzikaza ni kazi ya nusu saa.